Kinga nyepesi ya ubavu wa pikapu: lini alumini inafaa, na lini chuma ni bora zaidi

Barabara za udongo zinazounganisha Mutaho na vilima vinavyoizunguka, kaskazini mwa mji wa Gitega, hubadilika sura kila mwaka. Katika kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, huwa kavu, ngumu na zenye vumbi. Mvua zinapoanza Septemba, na tena kuanzia Februari hadi Mei, udongo mwekundu hulainika, magurudumu huchimba mitaro miwili mirefu katikati ya njia, na pikapu iliyojaa mizigo huanza kuteleza ubavu ubavu kuelekea kingo za barabara.

Hapo ndipo gari huumia mahali ambapo wenye magari wengi hawapaangalii. Si mbele, kwenye bampa, wala si nyuma. Ni ubavuni, kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, chini kabisa ya milango. Kisiki kilichofichwa na majani, jiwe lililo ukingoni mwa mtaro, au ncha ya gogo la daraja dogo huweza kubonyeza sehemu hiyo kwa sekunde moja, na mwenye gari akalipia kwa miezi.

Kwa mfanyabiashara anayesafirisha maharage, ndizi au saruji kati ya Gitega, Karusi na Muyinga, pikapu ndiyo mtaji wake. Ndiyo maana vifaa vya kukinga ubavu vina wateja wengi, na vile vya alumini, vinavyosifiwa kwa wepesi wake, huvutia macho zaidi. Swali ni kama wepesi huo una thamani ya fedha zinazotolewa. Makala hii inaeleza jinsi ya kulipima jambo hilo kabla ya kununua.

Kinachokingwa ni nini?

Pikapu nyingi zinazotumika katika nchi zetu, zikiwemo Toyota Hilux, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1968, na Land Cruiser za jamii ya 70, zilizoanza mwaka 1984, zimejengwa kwa sehemu kuu mbili. Chini kuna chesisi, yaani fremu nzito ya chuma inayobeba injini, ekseli na mzigo. Juu yake kuna bodi, yaani chumba cha dereva na abiria, kilichotengenezwa kwa bati jembamba na kufungwa kwenye chesisi kwa bolti zenye vipande vya mpira.

Chini ya milango, bati hilo hukunjwa na kuunda kizingiti chenye uwazi ndani. Kizingiti hicho si pambo. Ndicho kinachoshikilia nguzo za milango zisisogee. Kikibonyea sana, mlango hukataa kufunga sawasawa, maji na vumbi huingia ndani, na kutu huanza mahali ambapo jicho haliwezi kufika. Kukinyoosha ni kazi ya kukata bati na kuchomelea upya, na mara nyingi gari haliwi tena kama lilivyokuwa.

Kinga ya kweli ya ubavu ni bomba au boriti imara inayopita chini kidogo ya kizingiti hicho na nje yake kidogo, ikiwa imefungwa kwenye chesisi. Gari likitelezea jiwe, uzito huangukia kinga, kinga huupeleka kwenye chesisi, na bodi hubaki salama.

Vitu vitatu vinavyofanana machoni

Madukani, vitu vitatu tofauti huuzwa kana kwamba ni kimoja.

Cha kwanza ni ngazi ya pembeni, yaani kikanyagio cha kupandia. Mara nyingi ni bomba jembamba linalong'aa, au ubao wa alumini wenye mifereji ya kuzuia mguu kuteleza. Kazi yake ni kumsaidia mtu kupanda. Mara nyingi hufungwa kwa vishikizo vyembamba kwenye bodi yenyewe. Kikigonga jiwe, hakizuii madhara, bali huyahamishia kwenye kizingiti kile kile ambacho mwenye gari alidhani amekikinga.

Cha pili ni kinga ya chuma iliyofungwa kwenye chesisi. Ni nzito na ni imara, na fundi yeyote wa kuchomelea anaifahamu.

Cha tatu ni kinga ya alumini iliyotengenezwa kwa mabomba au mabamba manene, nayo pia ikiwa imefungwa kwenye chesisi. Hii ndiyo inayoweza kulinganishwa na ya chuma. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi lisiwe kama kifaa ni cha alumini au cha chuma. Liwe hili: kimefungwa wapi? Kama jibu ni kwenye bodi, basi hicho ni kikanyagio, hata kama kimeandikwa jina kubwa na kuuzwa kwa bei kubwa.

Sifa ya wepesi

Alumini ina uzito wa takriban gramu 2.7 kwa kila sentimita moja ya ujazo, ilhali chuma kina takriban gramu 7.85. Kwa maneno mengine, vipande viwili vyenye ukubwa sawa, cha alumini hubeba karibu theluthi moja tu ya uzito wa kile cha chuma.

Sifa hiyo imetumiwa na watengenezaji wa magari kwa muda mrefu. Land Rover ya kwanza, iliyooneshwa mjini Amsterdam mwaka 1948, ilikuwa na bodi ya aloi ya alumini kwa sababu baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia chuma kiligawiwa kwa mgao nchini Uingereza. Miongo mingi baadaye, kampuni ya Ford ya Marekani iliunda upya pikapu yake ya F-150 ya toleo la mwaka 2015 kwa bodi ya alumini, na ikatangaza kuwa imepunguza uzito kwa hadi kilo 318 hivi.

Hata hivyo, katika magari yote mawili chesisi ilibaki ya chuma. Alumini ilipewa kazi ya ngozi, na chuma kikaachiwa kazi ya mifupa. Kinga ya ubavu iko kati ya hivyo viwili: imeonekana kama sehemu ya ngozi, lakini tunaitaka ifanye kazi ya mfupa. Ndiyo maana inahitaji hesabu zaidi.

Hesabu ya bomba

Chukua bomba la chuma lenye upana wa milimita 60 na unene wa ukuta wa milimita 4. Mita moja ya bomba hilo ina uzito wa takriban kilo 5.5. Ukitengeneza bomba la alumini lenye vipimo hivyo hivyo, mita moja itakuwa na chini kidogo ya kilo 2. Hapo ndipo muuzaji husimamisha hesabu yake.

Mnunuzi anapaswa kuendelea. Alumini hupinda kwa urahisi mara tatu kuliko chuma. Bomba hilo la alumini, likibebeshwa mzigo ule ule, litapinda mara tatu zaidi, na huenda likagusa kizingiti lililotakiwa kukilinda. Ili lipate ukakamavu sawa na wa bomba la chuma, ni lazima liwe nene na pana zaidi: takriban milimita 76 kwa upana na milimita 6 kwa ukuta. Bomba la namna hiyo lina uzito wa takriban kilo 3.6 kwa mita.

Hivyo basi, faida ya kweli si theluthi mbili ya uzito, bali karibu theluthi moja. Bado ni faida. Lakini inamaanisha kuwa kinga nzuri ya alumini huonekana nene na kubwa. Ikiwa nyembamba kama ya chuma na nyepesi kupita kiasi, wepesi huo umepatikana kwa kupunguza ulinzi.

Kilo hizo zina thamani gani?

Seti kamili ya kinga za chuma za pande zote mbili, pamoja na vishikizo vyake, mara nyingi huwa na kilo 45 hadi 70. Tuseme kwamba seti nzuri ya alumini inaokoa kilo 25. Pikapu ya kawaida hubeba karibu tani moja, na katika tani hiyo wamo abiria, gurudumu la akiba lililoongezwa, madumu na kila kilichofungwa kwenye gari. Kilo 25 ni nusu ya mfuko wa saruji. Kwa mtu anayejaza gari kila safari, nusu mfuko kila mara si kitu cha kudharau, hasa kwa springi na magurudumu yanayobeba mzigo huo kwenye mashimo.

Kuhusu mafuta, tusijidanganye. Tangu mwaka 2021 Burundi imepita vipindi virefu vya uhaba wa mafuta, na ni kawaida kwa dereva kutafuta kila njia ya kuokoa lita moja. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa magari inasema kwamba kupunguza uzito wa gari kwa asilimia 10 huokoa mafuta kwa asilimia 6 hadi 8. Katika pikapu ya tani mbili, kilo 25 ni zaidi kidogo ya asilimia moja ya uzito. Akiba yake ni chini ya lita moja katika kila lita 100, na hupungua zaidi gari linapojaa. Upepo mzuri wa magurudumu na mwendo wa utulivu huokoa zaidi ya hapo bila gharama. Anayenunua alumini kwa ajili ya mafuta pekee atasubiri miaka mingi kabla ya fedha zake kurudi.

Joto na maji

Kuna mambo mawili ambayo alumini huyaogopa kuliko chuma.

La kwanza ni joto la kuchomelea. Aloi zinazotumiwa kutengeneza kinga hizi hupata nguvu zake kiwandani kwa kupashwa joto na kupozwa kwa utaratibu maalumu. Zinapochomelewa, sehemu iliyo karibu na mshono hurudi kuwa laini, na nguvu yake inaweza kupungua karibu nusu. Mtengenezaji mzuri hulijua hilo, na huweka mishono mbali na mahali panapobeba uzito mkubwa, au huongeza bamba la kuimarisha. Mtengenezaji asiyejali huchomelea vishikizo moja kwa moja katikati ya bomba, na hapo ndipo litakapovunjika.

Tena, alumini haichomelewi kwa chuma kwa njia za kawaida za gereji. Kwa hiyo kinga ya alumini ni lazima ifungwe kwenye chesisi kwa bolti. Hili ni jambo jema, kwani bolti hufunguliwa na kifaa kikabadilishwa. Kuchomelea kitu chochote kwenye chesisi huweza kudhoofisha chuma chake, kuunguza nyaya na kuharibu mitambo ya umeme ikiwa betri haikutenganishwa.

La pili ni maji. Alumini haishiki kutu nyekundu kama chuma, na wengi huinunua kwa sababu hiyo. Lakini alumini inapogusana na chuma mahali penye unyevu, metali hizo mbili hufanya kazi kama betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Wamiliki wa Land Rover za zamani wanaifahamu hali hiyo: bodi huchakaa na kuwa unga mweupe hasa pale inapokutana na chuma. Katika nchi yenye miezi mingi ya mvua na matope yanayokaa chini ya gari, dawa yake ni kuweka vipande vya mpira au plastiki ngumu kati ya metali hizo mbili, kutumia bolti zilizopakwa zinki au za chuma kisichoshika kutu zenye vitenganishi vyake, na kuosha sehemu hiyo kila matope yanapoganda. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nani atakayeitengeneza?

Hili ndilo swali linalosahauliwa zaidi, na kwa mwenye gari wa Mutaho au wa vilima vya Muyinga huenda ndilo kubwa kuliko yote.

Kinga ya chuma ikipinda, fundi wa kijijini mwenye mashine ya kawaida ya kuchomelea ataipasha moto, ataigonga, ataichomelea, na gari litaondoka jioni ile ile. Alumini huhitaji gesi ya argoni, mashine inayofaa na mkono uliozoea. Huyeyuka kwenye nyuzi 660 za selsiasi bila kubadilika rangi kwanza kama chuma kifanyavyo, huku utando ulioifunika ukihitaji joto zaidi ya nyuzi 2,000. Fundi asiyeizoea hujikuta bomba limetoboka kabla mshono haujashika. Tena, alumini iliyopinda sana haipendi kunyooshwa. Hupasuka.

Lipo pia jambo la kutahadharisha. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki kuna mafundi hodari wanaoyeyusha mabaki ya alumini na kumimina sufuria. Ni ufundi wa kuheshimiwa, na sufuria zao hupika vyombo vya harusi. Lakini alumini ya mabaki iliyomiminwa kwenye mchanga ina mchanganyiko usiojulikana na matundu madogo ndani yake. Isitumiwe kamwe kutengeneza kishikizo kitakachobeba uzito wa gari. Ikigongwa, haipindi, bali hukatika ghafla.

Kwa hiyo kabla ya kununua, ulizia kwanza ni wapi karibu nawe pana fundi anayechomelea alumini. Ikiwa yuko Bujumbura pekee, ongeza gharama ya safari kwenye bei. Na kwa kuwa bidhaa nyingi za namna hii hutoka ng'ambo kwa fedha za kigeni, na kupitia bandari ya Dar es Salaam na mpaka wa Kobero, kipuri kimoja kinaweza kuchukua muda mrefu kufika. Kinga ambayo vishikizo vyake ni vya chuma na huuzwa kimoja kimoja ni bora kuliko ile iliyounganishwa yote kwa pamoja.

Wapita njia

Ubavu wa gari haukutani na mawe tu. Katika barabara zetu hukutana pia na watu. Barabara ya kutoka Gitega kwenda Muyinga, kama zilivyo nyingine nchini, hujaa waendesha baiskeli waliobeba mikungu ya ndizi na magunia ya makaa, akina mama wenye mizigo kichwani, na watoto wanaotoka shuleni.

Kinga inayotokeza nje kupita matairi, au yenye ncha zilizoachwa wazi bila kufunikwa, ni hatari kwa watu hao. Inaweza kunasa kanyagio la baiskeli au kuukata mguu wa mtembea kwa miguu gari linapopishana na jingine mahali pembamba. Kinga nzuri huishia ndani ya upana wa matairi au huvuka kizingiti kwa sentimita chache tu, na ncha zake huwa zimefungwa na kupinda kuelekea ndani.

Vilevile, bomba imara lililo ubavuni huwaalika vijana kusimama juu yake huku gari likienda. Dereva asiruhusu jambo hilo, kwa kasi yoyote. Na abiria aliye ndani asidhani kwamba bomba hilo litamwokoa gari likigongwa ubavuni na lori. Halikutengenezwa kwa kazi hiyo. Mkanda wa usalama unabaki kuwa kinga yake ya kwanza.

Mambo ya kukagua dukani

Inama chini ya gari au uombe kuona picha za ufungaji. Hesabu vishikizo: kila upande uwe na angalau vitatu, na vyote vifike kwenye chesisi.

Uliza unene wa ukuta wa bomba, na upime mwenyewe kama ncha iko wazi. Kwa alumini, milimita 2 au 3 ni kikanyagio. Kinga huanzia milimita 5 hivi kwenda juu.

Uliza kama kinga inaweza kubeba gari likiinuliwa kwa jeki. Kinga ya kweli huweza kuinua gurudumu moja kutoka ardhini bila kugusa bodi. Jaribio hilo lifanywe gerejini, kwenye sakafu tambarare, magurudumu mengine yakiwa yamezuiliwa, na pasiwe na mtu yeyote chini ya gari. Muuzaji akikataa kabisa, amekwisha kujibu swali.

Hakikisha kwamba vishikizo havibani mabomba ya breki, nyaya au tangi la mafuta, na kwamba kinga haiko chini sana. Kinga inayopunguza nafasi kati ya gari na ardhi itagonga kila jiwe ambalo gari lingelipita salama.

Mwisho, baada ya safari chache za kwanza kwenye barabara mbovu, kaza bolti zote upya. Mtikisiko hulegeza hata kazi nzuri.

Nani achague nini?

Anayejaza pikapu yake kila siku hadi ukomo wa uzito, anayepita zaidi kwenye barabara za udongo kuliko kwenye mawe makubwa, na aliye karibu na gereji yenye vifaa vya alumini, atafaidika na kinga nene ya alumini iliyofungwa kwa bolti kwenye chesisi. Matope na kingo za mitaro huisugua tu. Mawe makali huichimba, kwa sababu alumini ni laini kuliko chuma, na mahali palipochimbwa hunasa badala ya kuteleza.

Anayefanya kazi mbali na mji, kwenye mawe na visiki, na ambaye fundi wake ni yule wa sokoni mwenye mashine moja, achague chuma na kukubali kilo hizo za ziada. Apake rangi vizuri na kuirudia kila mwaka kabla ya mvua za Septemba.

Na asiye na uwezo wa kununua kimojawapo kilicho bora, ni afadhali abaki bila kitu na aendeshe kwa uangalifu, kuliko kufunga bomba jembamba kwenye bodi. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Kwenye pikapu, rahisi huvunja kizingiti, na mwenye gari hulipa mara mbili: kwa bomba alilonunua, na kwa mlango usiofunga tena.